Nasikia ila siongei: maswali yenu kuhusu lugha za nyumbani

Toleo lililopita niliandika aya mbili tu kuhusu mtoto wa dada yangu aliyegoma kumsalimia bibi yake kwa Kisukuma pale stendi ya Nyegezi, bibi kashuka kwenye basi na mzigo wake wa michembe anasubiri asalimiwe na mtoto anaangalia viatu. Aya mbili tu jamani, na simu haijapumzika mpaka leo. Kumbe kila nyumba Mwanza hii ina mtoto anayeangalia viatu. Nimechagua maswali matano, mengine yanafanana sana hivyo kama lako halipo soma la mwenzio.

Mimi ni kijana wa miaka 24, nimezaliwa Igoma na nimekulia hapohapo. Wazazi wakiongea wenyewe ni Kisukuma, wakitugeukia sisi watoto ni Kiswahili. Kisukuma nakisikia chote, hata wakinisengenya najua. Ila nikitaka kuongea mdomo unagoma. Juzi tuko msibani Magu shangazi kanisemesha mbele za watu, nikamjibu Kiswahili, akasema huyu ni wa mjini keshapotea. Sasa mimi ni Msukuma wa aina gani? Na inakuaje nisikie kitu nisichoweza kusema, au nina tatizo la akili?
*Nasikia, Igoma*

Mdogo wangu, akili yako haina tatizo lolote, na hiyo hali ni ya kawaida kiasi kwamba Kiswahili chetu kina maneno yake kabisa, mtu akikuuliza unajua Kisukuma unajibu "nasikia ila siongei" na kila mtu anaelewa hapohapo hauhitaji kueleza zaidi. Wasomi wa mambo haya nao wana jina lao, wanasema mtu wa lugha ya urithi, yaani aliyeikuta lugha nyumbani akiwa mdogo halafu lugha kubwa ya nje ikaja ikaifunika. Kuna mama mmoja profesa huko Marekani, Guadalupe Valdés, mwanzoni mwa miaka ya 2000 alipoandika maana ya mtu wa namna hiyo aliweka wazi kwamba hata yule anayesikia tu bila kuongea naye yumo. Kwahiyo kwenye daftari la kina profesa umeshaandikwa, bado daftari la shangazi.

Sasa kwanini unasikia na huongei. Shangazi akikusemesha, nusu ya kazi kakufanyia yeye. Unamuona uso, unaiona sufuria anayoinyooshea kidole, ukikosa neno moja yale manne yaliyobaki yanakubeba unafika. Kwenye kuongea hakuna wa kukubeba. Neno ulitafute mwenyewe, ulivalishe kiambishi cha ngeli yake, uweke wakati, uweke toni, yaani kule kupanda na kushuka kwa sauti, na yote hayo kabla shangazi hajageukia kwa mwingine. Na wakati bado unatafuta, neno la Kiswahili limeshafika mlangoni zamani linagonga, maana ndo unalolitumia kutwa nzima. Kichwa cha mtu wa lugha mbili hakina swichi ya kuzima moja, zinaamka zote kwa pamoja, basi ile uliyoizoea inawahi na nyingine inabidi uisubiri. Hiyo sekunde ya kusubiri ndo watu wanaiita kupotea.

Kule Labrador, kaskazini mashariki mwa Canada, kuna watu kama wewe kabisa, lugha ya wazazi wao ni Inuttitut, lugha ya kubandika viambishi mpaka neno moja linakuwa sentensi, kama hizi zetu za kibantu tu. Watu wazima wa huko wanaosikia bila kuongea walichunguzwa na mtafiti Marina Sherkina-Lieber, kazi yake ya 2011, akakuta wale wanaosikia vizuri wanaijua sarufi kuliko wenyewe walivyodhani, wanajua hili limeshapita na hili linakuja, ila walikuwa wanayumba kwenye kupima umbali, kama jambo ni la leo au la jana au la siku nyingi. Nilivyosoma hapo nilicheka mwenyewe kwasababu ndo palepale vijana wetu wanapoanguka. Muulize kijana wa Kihaya aliyekulia Mwanza, Kihaya kinatenga lililotokea leo, la jana na la zamani kila moja na umbo lake, na Kiswahili kinakwambia "nilikwenda" tu imeisha, iwe asubuhi iwe mwaka wa jana.

Halafu ujue una mali ambayo mgeni angelipa pesa kuipata. Ile *mh* ya mwanzo kwenye *mhola*, neno letu la kwenye salamu, inayotoka puani kwa pumzi tu bila sauti, mtu aliyekuja ukubwani anasema "mola" au anaikata "m-hola". Wewe ukijisikiliza nadhani unaipatia. Kisukuma kina irabu saba, Kiswahili tano, na sikio lako limezisikia zote saba toka uko mgongoni kwa mama. Na toni zake ni maarufu duniani kwa wanaisimu, kuna Mwingereza Irving Richardson aliandika kitabu kizima mwaka 1959 kuhusu hizo toni tu, kwa sababu toni ya juu ya Kisukuma haikai pale inapostahili, inaruka mbele mpaka silabi mbili ndo inasikika. Mama yako anafanya hivyo kila sentensi na hajui kama anafanya. Hukufundishwa na mtu na bado ikiwekwa vibaya unashtuka, si ndio? Basi hicho ndo Kisukuma chako, kimekaa sikioni.

Kinachoua ni kicheko. Nitakwambia langu. Nilikuwa na miaka 11, likizo ya Desemba, niko kwa bibi Kwimba. Jua linazama, ng'ombe wanaingia zizini, wazee wamekaa kwenye vigoda wanaongea yao. Nimejiandaa toka mchana, nimerudia moyoni mara mia, nikaenda nikapiga goti mbele yao nikasema *mwangaluka*. Mwangaluka ni ya asubuhi. Jioni ni *mwadila*. Walicheka jamani, mzee mmoja akapaliwa kabisa ikabidi apigwe mgongoni, halafu wakaita na wengine waje wasikie. Hawakuwa na ubaya hata kidogo, walifurahi tu, na bibi akanikumbatia akaniita ng'wanawane, yaani mwanangu. Lakini toka jioni hiyo mpaka namaliza fomu foo salamu yangu Kwimba ilikuwa shikamoo basi. Miaka sita. Hesabu mwenyewe ni sentensi ngapi ningesema kwa miaka sita.

Kwahiyo usianze na shangazi wa msibani. Anza na mtu mmoja asiyecheka, bora mtoto mdogo au mzee asiyesikia vizuri, mwambie kabisa leo tunaongea Kisukuma ukinicheka naondoka. Na anza na vitu vinavyojirudia kila siku, salamu, maji, mlango, njoo, kaa, wabeja ya kushukuru. Shangazi atakukuta mbele ya safari.

Mimi Mkurya wa Tarime, mume wangu Mhaya wa Muleba, tunaishi Buswelu na watoto wawili, miaka 6 na miaka 3. Mama mkwe anataka wajukuu waongee Kihaya, mama yangu mzazi naye anataka Kikurya, na shule ya inglishi midiamu anakosoma mkubwa wameandika kwenye daftari kwamba tuache vilugha nyumbani vinamchanganya mtoto. Nimsikilize nani? Na mdogo naona Kihaya hata hakisikii kama alivyokuwa dada yake.
*Mama wawili, Buswelu*

Dada pole, hapo una mabosi watatu. Nianze na wa shule kwa sababu huyo ndo kakosea zaidi na ndo mwenye kalamu nyekundu. Habari ya lugha mbili kumchanganya mtoto ni ya zamani, na ilishajibiwa toka mwaka 1962 kule Montreal, Peal na Lambert walipolinganisha watoto wa miaka 10 wa lugha moja na wale wa Kifaransa na Kiingereza, na wale wa lugha mbili hawakuwa nyuma, kwenye vipimo vingi walikuwa mbele. Mtoto akisema nusu Kihaya nusu Kiswahili kwenye sentensi moja hajachanganyikiwa, anatumia alichonacho, na wewe mwenyewe ukiongea na shoga yako wa Tarime mnafanya hivyohivyo hakuna anayewapeleka hospitali. Hilo daftari lifunge.

Kwa mabibi sasa, hapa lazima niseme ukweli hata kama utaniudhikia. Lugha inahitaji masaa. Annick De Houwer alichunguza familia 1,899 huko Ubelgiji upande wa Kiholanzi, akatoa matokeo 2007, ni familia ambazo angalau mzazi mmoja alikuwa anaongea lugha nyingine nyumbani. Karibu robo yake mtoto hakuongea kabisa ile lugha ndogo ya nyumbani, pamoja na kuisikia. Waliofanikiwa zaidi ni nyumba ambazo wazazi wote wawili waliing'ang'ania lugha ndogo, ile kubwa wakaiachia dunia ya nje imfundishe mtoto. Nyumba yako nyie wawili mnaongea Kiswahili wenyewe kwa wenyewe, mtafanyaje sasa, ndo lugha mliyopendana nayo. Maana yake Kihaya kina mdomo mmoja na Kikurya kina mdomo mmoja, na katika hiyo midomo mmoja unarudi saa mbili usiku. Ningekuwa mimi ningechagua moja ibebwe kwa nguvu, ile ya mzazi anayekaa na watoto masaa mengi au ile ambayo bibi yake anakuja kukaa miezi, nyingine iwe ya kusikia. Kusikia sio kidogo, soma jibu la kijana wa Igoma hapo juu. Najua mama mkwe hatapenda kama bahati itaangukia Kikurya. Hayo ya ukweni sijui nikusaidieje.

Na huyo mdogo, hilo ni la nyumba nyingi mno. Mkubwa alipozaliwa aliongea na watu wazima tu. Mdogo kazaliwa kamkuta dada ambaye kashaanza shule na karudi na Kiswahili cha shule, wanacheza kwa hicho, wanagombana kwa hicho. Watoto wa nyuma karibu kila mahali wanapata kidogo kuliko wa mbele, ndo maana kitinda mimba wa nyumba za Mwanza ukimuuliza lugha anakucheka.

Kuna kitu kimoja kidogo kinasaidia, ni pale mtoto anapokujibu kwa Kiswahili. Elizabeth Lanza aliwafuatilia watoto wa Kiingereza na Kinorwei kule Norwei, kitabu chake kilitoka 1997, akapanga namna wazazi wanavyojibu. Kuna anayejifanya hajasikia, "unasemaje?" Kuna anayebahatisha, "unataka maji?" kwa lugha anayoitaka yeye. Kuna anayerudia neno la mtoto kwa lugha yake. Kuna anayeendelea tu na stori kama hakuna kitu. Na kuna anayehama naye kwenda lugha ya mtoto. Ukianza juu unambana mtoto aongee, ukishuka chini unamruhusu aache, na wengi wetu tukirudi kutoka kazini miguu inawaka moto tunashuka moja kwa moja mpaka ngazi ya mwisho. Mimi napenda ile ya kurudia. Mtoto kasema "nataka maji", mumeo anasema maji hayohayo kwa Kihaya huku anamimina, bila hotuba. Ile ya kujifanya husikii itumie kwa akili, mtoto wa miaka 3 mwenye kiu atalia.

Mimi ni fundi cherehani Mabatini, Mjaluo wa Rorya, nilihamia Mwanza nikiwa na miaka 8. Kijaluo naongea na wateja vizuri tu. Lakini kwenye harusi ya kaka nikaambiwa niseme neno kwa niaba ya ukoo, nilisimama nikasema maneno manne nikahamia Kiswahili. Lugha imeanza kunitoka?
*Fundi*

Haijakutoka fundi, hiyo ya harusini hukuwahi kuwa nayo. Uliondoka Rorya na miaka 8, na mtoto wa miaka 8 hapewi kusimama mbele ya ukoo, anapewa kuchunga. Kijaluo chako kilipofika Mwanza kikaendelea kukua upande wa vitambaa na bei, upande wa wazee kikabaki palepale kilipoachwa. Hata aliyebaki kijijini ameijifunza lugha ya kusimama akiwa mkubwa, kwa kukaa kwenye vikao. Nenda vikao vitatu vinne ukae kimya usikilize wanaanzaje na wanamalizaje, ni vitu vinajirudia sana, halafu harusi inayofuata jitolee mwenyewe.

Mjukuu wangu amekuja likizo kutoka Marekani, jimbo la Minnesota, ana miaka 13. Nilifurahi kusikia mama yake amemuongelesha Kiswahili, lakini mwanangu ni Kiswahili gani hiki. Kitabu yangu, mbwa yangu, viatu yangu. Tulipita naye daraja la Kigongo na Busisi akasema "daraja hii iko kubwa". Na mimi bibi yake asubuhi ananiambia "hai bibi, umelala?" Shikamoo hakuna. Nimkemee au nimwache? Naandikiwa na mjukuu wangu mwingine.
*Bibi, Sengerema*

Shikamoo bibi. Na mwandishi wako naye habari yake.

Bibi usimkemee, na nitakwambia kwanini. Huyo mtoto Kiswahili chake kina kanuni, ni vile kanuni zake ni chache kuliko zako. Sikiliza vizuri, anasema "mbwa yangu" hasemi "mbwa changu". Na wewe bibi unasemaje, "mama wangu" au "mama yangu"? "Rafiki wangu" au "rafiki yangu"? Unaona sasa. Maneno aliyoyasikia zaidi mezani kwao ni mama yangu, baba yangu, dada yangu, simu yangu, nyumba yangu, chai yangu, akaona kumbe ni *yangu*, akaipeleka mpaka kwenye viatu na daraja. Kiswahili kina ngeli nyingi na mtoto anahitaji kusikia vitu vingi mara nyingi ndo zikae, na yeye amesikia sauti ya mama mmoja jioni akiwa amechoka na zamu. Warusi waliokulia Marekani wamefanya hivyohivyo, Kirusi kinagawa majina mafungu 3 na profesa Maria Polinsky aliwakuta wale ambao Kirusi chao ni dhaifu zaidi wamebaki na mafungu 2, fungu dogo limemezwa. Na aligundua kitu kingine, kwamba mwenye maneno mengi ndo mwenye sarufi nzuri pia, vinakwenda pamoja. Kwahiyo ukitaka ngeli zinyooke, mpe maneno. Mpeleke shambani, mpeleke mwaloni akaone dagaa wanavyoanikwa, muite kila kitu jina lake.

Kusahihisha ni huku kwa kupita tu. Akisema "viatu yangu iko wapi", wewe mjibu "viatu vyako? viatu vyako viko mlangoni, vivae tuondoke." Amesikia *v* kibao kwa mpigo na hajaaibika. Sasa wale binamu zake ndo uwakemee, maana najua wanamuigiza, "daraja hii iko kubwa," wanakufa kwa kicheko, na mtoto wa miaka 13 akichekwa wiki moja anahamia Kiingereza mpaka siku ya ndege.

La shikamoo ni tofauti bibi na hapo usiwe na wasiwasi hata kidogo. Shikamoo inataka wakubwa, na nyumba yao kule ina baba na mama na mlango umefungwa kwa ajili ya baridi. Hana shangazi, hana mjumbe, hana mzee anayepita barabarani, atamwambia nani? Hapo Sengerema mpe siku tatu za kuzunguka na wewe, kila mlango asikie watoto wenzake wanasema shikamoo na wakubwa wanaitikia marahaba, ataishika haraka kuliko ngeli zote. Anza kwa kumuitikia hata kabla hajasema, akikwambia "hai bibi" wewe itikia "marahaba mjukuu wangu" halafu mtazame. Mimi nimeona inafanya kazi, na inachekesha.

Nina miaka 31, nafanya kazi benki hapa mjini. Mama alikuwa Mkerewe wa Nansio, alifariki nikiwa na miaka 9, akiwepo alikuwa anaongea Kikerewe na mama wadogo muda wote ila sisi hapana. Saa hizi nina mimba ya kwanza na nimepata hamu kubwa ya kujifunza hiyo lugha. Sina hata sentensi moja, ni nyimbo mbili tatu na matusi. Nimechelewa? Na vitabu nitapata wapi?
*Mama mtarajiwa*

Hongera sana na pole kwa mama.

Hujachelewa, na hujaanza sifuri ingawa unaona hivyo. Mwaka 2002 Terry Au na wenzake walichukua wanafunzi wa chuo kikuu Marekani wanaojifunza Kihispania, baadhi yao walikisikia tu pembeni wakiwa watoto, watu wakiongea juu ya vichwa vyao kama mama na mama wadogo zako, na wengine hawakuwahi kukisikia. Kwenye sarufi walikuwa sawa tu. Kwenye matamshi waliokisikia utotoni waliwaacha wenzao mbali, walikaribia wenyewe kabisa. Na kuna la ajabu zaidi, Montreal tena, 2014, wasichana waliochukuliwa kutoka China wakiwa na mwaka mmoja hivi wakalelewa kwa Kifaransa tu, hawajui neno hata moja la Kichina wala hawakumbuki chochote, wakawekwa kwenye mashine inayopiga picha ubongo unavyofanya kazi wakasikilizishwa toni za Kichina. Ubongo wao ulizipokea kama wa wanaoongea Kichina, tofauti kabisa na wa wenzao wa Kifaransa. Wa mwaka mmoja hao. Wewe ulikaa na Kikerewe miaka 9, na hayo matusi naomba usiyadharau, yamekaa na toni zake kamili.

Vitabu sasa, hapo ni kilio. Mkerewe Aniceti Kitereza alimaliza riwaya yake ya Kikerewe mwaka 1945, riwaya nzima kubwa, hakupata wa kuichapa kwa lugha hiyo. Ikabidi aitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikatoka 1980, na 1981 akafariki. Ikiwa yeye alisubiri hivyo, ujue dukani hutapata kitabu cha kujifunzia. Shule zetu zinafundisha Kiswahili na Kiingereza, lugha hizi zimeachwa zijitegemee. Prof. Herman Batibo, Mtanzania wa kwetu huku ziwani aliyeandika sana kuhusu Kisukuma, mwaka 2005 alitoa kitabu kizima kuhusu lugha za Afrika zinavyopungua na kufa, na kinachoziua zaidi ni lugha kubwa za Kiafrika zilizo jirani kuliko za wazungu. Kwetu huyo jirani ni Kiswahili, hichihichi ninachokuandikia.

Kwahiyo kitabu chako ni mama wadogo. Kama wapo Nansio meli ni masaa machache tu, nenda kabla tumbo halijawa kubwa, na usiende na daftari. Nenda na simu na kazi ya mikono. Kaa nao jikoni, washa kurekodi, mwambie mama mdogo akupikie kitu huku anasema kila anachofanya, sasa namenya, sasa namwaga maji, sasa naongeza moto. Mtu akipika anasema sentensi fupi na kila sentensi unaiona kwa macho, ndo namna watoto wanavyoipata. Ukirudi mjini sikiliza kwenye daladala, rekodi hiyohiyo mara ishirini, usiruke kwenda nyingine. Waombe pia wakuimbie hizo nyimbo mbili tatu taratibu, maana sauti yako ya Kikerewe imelala humo na mtoto atakayezaliwa anasikia toka tumboni, miezi ya mwisho masikio yake yanafanya kazi.

Na fungueni grupu la WhatsApp la sauti tu. Ukitumiwa sauti jibu kwa sauti, hata kama ni neno moja na limekosewa, usiandike. Mama mdogo mmoja atacheka, yupo kwenye kila ukoo huyo, mtoe kwenye grupu mrudishe baada ya wiki mbili.

Ukifika huko niulizie na kitu kimoja, Wakerewe wa zamani dagaa walikuwa wanamuitaje, kuna ubishi hapa ofisini toka mwezi wa pili na kuna watu hawasalimiani.